Ngozi ya Mtoto Mchanga na Magonjwa ya Kurithi ya Umetaboli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Dodoma, Singida na maeneo mengine ya kanda ya kati, ambako safari ya kumfikia daktari bingwa wa watoto inaweza kuanza alfajiri kijijini na kuishia mjini jioni. Majibu yanahusu zaidi watoto walio chini ya mwaka mmoja.

Magonjwa ya kurithi ya umetaboli ni magonjwa gani?

Mwili wa mtoto huyageuza maziwa anayonyonya kuwa nguvu, misuli na ubongo kwa msaada wa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini (kazi hizo ndizo umetaboli), na kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni. Jeni ikiwa na hitilafu, kimeng'enya chake hukosekana au hufanya kazi kidogo mno. Hapo kile kilichopaswa kuvunjwa hurundikana hadi kuwa sumu, na kile kilichopaswa kutengenezwa huadimika. Wakati mwingine kinachoharibika si kimeng'enya bali ni njia ya kuingizia madini mwilini, kama zinki au shaba.

Daktari Mwingereza Archibald Garrod ndiye aliyelieleza jambo hili kwa mara ya kwanza. Mwaka 1902 aliandika kuhusu alkaptonuria, hali ambayo mkojo hugeuka mweusi ukikaa wazi, na akaonesha kwamba hufuata kanuni za urithi. Mwaka 1908 aliweka pamoja magonjwa manne ya aina hiyo, na mojawapo lilikuwa ualbino, ambao Mtanzania yeyote anaujua kwa macho hata kama hajawahi kuufikiria kuwa ni suala la kimeng'enya. Leo magonjwa yanayojulikana yamezidi 1,000. Kila mojawapo ni adimu, lakini yakijumlishwa pamoja si adimu kiasi ambacho muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kustaafu bila kukutana na hata moja.

Watoto wengi wenye magonjwa haya huzaliwa wakionekana wazima kabisa, kwa sababu mimba ikiwa tumboni kondo la nyuma hupeleka taka za mtoto kwenye damu ya mama, na mwili wa mama huzishughulikia. Matatizo huanza mtoto anapojitegemea, siku chache, wiki au miezi kadhaa baadaye.

Kwa nini dalili zionekane kwenye ngozi, ilhali tatizo liko ndani?

Ngozi na nywele hukua na kujigawa haraka kuliko sehemu nyingi za mwili, kwa hiyo huhitaji zinki, biotini, asidi amino (vijenzi vya protini) na mafuta kila siku bila kukatizwa. Kimojawapo kikipungua, ngozi huwa ya kwanza kulalamika. Njia nyingine ni mrundikano: mafuta yasiyovunjwa hujitokeza kama vinundu vya manjano, na kemikali zinazochochewa na mwanga huunguza ngozi ikipigwa na jua. Rangi nayo hutengenezwa kwa kemia hiyohiyo, ndiyo maana ikivurugika nywele na ngozi hubadilika.

Mtoto wangu ana vipele. Je, nianze kuhofia?

Hapana. Kwa mtoto wa Dodoma mwenye vipele mwezi Oktoba, joto likiwa kali na vumbi likiwa kila mahali, sababu ya kwanza ni joto, ya pili ni nepi iliyolowa, kisha fangasi, ukurutu na upele unaoambukizwa na watu wa nyumbani. Ukavu wa ngozi wakati wa kiangazi pia ni jambo la kawaida katika ukanda huu wa nusu jangwa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hutosha.

Kinachobadilisha mawazo ya daktari ni mambo mawili au matatu yanapoandamana. Vipele pamoja na kuhara kusikokoma, vipele pamoja na nywele kunyonyoka hadi kwenye nyusi na kope, vipele pamoja na degedege, mwili kulegea, uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki, au harufu isiyo ya kawaida: huo ndio wakati wa kuacha kubadilisha krimu na kuanza kuuliza maswali mengine. Jambo jingine, ambalo kwa maoni ya mwandishi halipewi uzito unaostahili, ni tabia ya ugonjwa kurudi kila mara dawa inapokwisha.

Ni upele wa namna gani hasa unaopaswa kutiliwa mashaka?

Upele unaojulikana zaidi katika kundi hili hukaa kuzunguka matundu ya mwili na kwenye ncha zake. Ukimtazama mtoto kwa karibu utaona ngozi ya kidevu na mashavu imechubuka na kufanya umbo la herufi U, huku sehemu ya juu ya mdomo mara nyingi ikiwa salama. Ukingo wa upele uko wazi kama mpaka uliochorwa kwenye ramani: upande huu ngozi nzima, upande ule ngozi inayong'aa, yenye unyevu au magamba makavu. Ukimgeuza utakuta hali hiyohiyo kwenye njia ya haja kubwa, kinena na makalio, na ukimkunjua vidole utaona malengelenge au ngozi iliyokauka kuzunguka kucha. Upele wa nepi wa kawaida hauendi mdomoni wala vidoleni.

Mhudumu wa afya aangalie jambo moja zaidi. Maelezo mengi ya vitabu huzungumzia upele mwekundu, kwa kuwa yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na baada ya kupona hubaki baka jeusi au jeupe kwa wiki kadhaa. Anayesubiri kuona wekundu anaweza kusubiri hadi mtoto azidiwe.

Mtoto alipewa vidonge vya zinki kwa ajili ya kuhara na upele ukaisha. Vidonge vilipokwisha upele umerudi. Maana yake nini?

Hili ni swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na mama anayeliuliza amekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari.

Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao akrodamatitisi enteropathika, ambao hutokana na hitilafu katika jeni inayotengeneza mlango wa kuingizia zinki kutoka kwenye utumbo. Mtoto hula zinki lakini haiingii mwilini vya kutosha. Dalili zake ni upele ulioelezwa hapo juu, kuhara na kunyonyoka nywele, ingawa si kila mtoto huwa na zote tatu kwa pamoja. Mtoto pia huwa mwenye kulialia, asiyetulia na asiye na hamu ya kula, na hupata maambukizi ya mara kwa mara ya fangasi na bakteria. Zinki iliyomo katika maziwa ya mama hufyonzwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mtoto anayenyonya huweza kukaa vizuri kwa miezi, kisha dalili zikaanza anapopunguziwa au kuachishwa ziwa. Anayelishwa maziwa ya kopo huweza kuugua ndani ya wiki za mwanzo.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Mtoto mwenye ugonjwa huu huhitaji takriban miligramu 3 za zinki kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 7 atahitaji karibu miligramu 21. Kidonge cha zinki kinachotolewa zahanati kwa kuhara, kwa mtoto aliyefikisha miezi 6, ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Bila mtu yeyote kukusudia, mtoto anakuwa amepata dozi ya ugonjwa ambao haujatambuliwa: kuhara kunakoma, upele unakauka ndani ya siku chache, analala usiku. Dawa ikiisha, mzunguko unaanza upya. Nyumbani watasema krimu ya mwisho ndiyo iliyosaidia, kumbe ni kile kidonge kilichoyeyushwa kwenye kijiko.

Mtoto wa namna hii anapaswa kupelekwa kwa daktari wa watoto, si kuongezewa vidonge nyumbani. Tiba ni zinki ileile, lakini kwa maisha yote na kwa ufuatiliaji, kwa sababu zinki ikizidi hupunguza shaba mwilini na kuleta upungufu wa damu. Daktari hupima kiwango cha zinki kinapoweza kupimwa, na mahali kisipoweza kupimwa huangalia kimeng'enya cha alkalini fosfatasi katika damu, ambacho huhitaji zinki ili kifanye kazi na mara nyingi hushuka. Kipimo hicho cha pili ni sehemu ya vipimo vya ini na hupatikana katika hospitali nyingi, ingawa kikiwa katika kiwango cha kawaida hakithibitishi kwamba ugonjwa haupo.

Je, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kupungukiwa zinki?

Anaweza, ingawa ni mara chache. Wapo akina mama wenye hitilafu katika jeni ya kupeleka zinki kwenye maziwa; damu yao ina zinki ya kutosha lakini maziwa hayana. Mtoto wao hupata upele uleule, hupewa zinki yeye mwenyewe, na tatizo huisha anapoanza kula vyakula vingine vya kutosha. Kumpa mama vidonge hakusaidii, na hakuna sababu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Tutatofautishaje na utapiamlo? Hapa kwetu kila upele wa namna hiyo huitwa kwashakoo.

Mara nyingi ni utapiamlo kweli, na hilo lisemwe wazi. Uji wa mahindi, mtama au uwele usiochanganywa na chakula cha asili ya mnyama una fitati nyingi zinazozuia zinki kufyonzwa, hivyo upungufu wa zinki wa lishe katika kanda ya kati ni wa kawaida kuliko ule wa kurithi. Kwashakoo yenyewe huja na miguu na uso kuvimba, ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu, na nywele chache zilizopauka zinazong'oka bila maumivu.

Mashaka huanza pale historia isipolingana na ugonjwa: mtoto ana miezi 2 na ananyonya vizuri, au nyumbani kuna chakula na kaka zake wana afya, au ametibiwa utapiamlo kwa taratibu zote, uvimbe umeisha, lakini ngozi haiponi, au kuna mtoto mwingine wa familia hiyo aliyefariki akiwa na dalili zilezile. Magonjwa kadhaa ya kurithi ya kushindwa kuvunja protini, kama asidemia ya propioniki na ya methilmaloniki, huweza kutoa upele unaofanana kabisa na wa zinki, wakati mwingine kwa sababu mtoto amepunguziwa protini kupita kiasi wakati wa matibabu na kukosa asidi amino iitwayo isolusini.

Biotini ina nafasi gani?

Biotini ni vitamini ya kundi B ambayo mwili huitumia na kuirejesha ili itumike tena. Kimeng'enya kinachoirejesha huitwa biotinidasi. Mtoto asiyekuwa nacho huanza kuishiwa biotini taratibu, na dalili huonekana mara nyingi akiwa na miezi kati ya 3 na 6: upele kuzunguka macho, pua, mdomo na sehemu za siri, nywele kupukutika, mwili kulegea, kupumua kwa shida, na degedege ambayo haisikii dawa za kawaida za degedege. Asipotibiwa, kusikia na kuona huharibika.

Tiba yake ni vidonge vya biotini, kwa kawaida miligramu 5 hadi 10 kwa siku, maisha yote. Ni biotini hiyohiyo ambayo wanawake wengi mjini huinunua kwa ajili ya nywele na kucha. Degedege huweza kukoma ndani ya saa au siku chache baada ya kuanza, na ngozi hupona ndani ya wiki. Masikio na macho yaliyokwisha kuharibika kwa kawaida hayarudi. Kwa sababu hiyo daktari anaposhuku ugonjwa huu huchukua sampuli ya damu, kisha huanza biotini siku hiyohiyo bila kungoja majibu.

Nywele za mtoto ni hafifu au zimebadilika rangi. Kuna ugonjwa gani hapo?

Nywele za mtoto mchanga hupukutika zenyewe katika miezi ya mwanzo, na upara wa kisogoni unatokana na kulalia upande mmoja. Hayo si ugonjwa.

Karibu wote wanaopatwa na ugonjwa wa Menkes ni wavulana, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X. Shaba haifiki inakohitajika. Nywele huwa chache, kavu, za rangi ya kijivu au zilizopauka, na hukatika zikiguswa hadi mtoto aonekane kama amenyolewa vibaya. Kwenye mwezi wa 2 au wa 3 hulegea, huacha kutabasamu na huanza degedege. Kwa mtoto wa Kiafrika kujikunja kwa nywele si dalili hata kidogo. Kinachotazamwa ni kukatika na kupauka, na uzi mmoja ukiwekwa chini ya hadubini huonekana umejisokota. Sindano za shaba iliyounganishwa na histidini huwasaidia baadhi ya watoto zikianza katika wiki za kwanza za maisha.

Fenilketonuria nayo hupunguza rangi ya nywele na ngozi ikilinganishwa na ya wazazi, huleta ukurutu na huharibu ubongo polepole. Ni adimu zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Historia yake inafaa kukumbukwa na kila mama anayeambiwa kwamba anasumbua bure: ugonjwa huu uligunduliwa nchini Norwei mwaka 1934 na daktari Asbjørn Følling, baada ya mama wa watoto wawili wenye ulemavu wa akili kung'ang'ania kuuliza kuhusu harufu ya ajabu ya mikojo yao.

Ualbino ni jambo tofauti. Mtoto ana ngozi na nywele zisizo na rangi tangu siku ya kwanza na macho yanayochezacheza, lakini ubongo na umetaboli wake mwingine uko sawa. Anachohitaji ni kinga dhidi ya jua la Dodoma na miwani, na watengenezaji wa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino wapo hapa nchini, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi.

Mtoto ana mabaka ya bluu makalioni. Bibi yake anasema amefinywa.

Hajafinywa. Mabaka ya bluu au kijivu kiunoni na makalioni ni ya kawaida sana kwa watoto wa Kiafrika na hufifia katika miaka ya mwanzo. Muuguzi ayaandike kwenye kadi siku ya kuzaliwa ili kuepusha tuhuma baadaye. Ni pale tu yanapokuwa mengi mno, yakienea mgongo mzima na hata tumboni na kifuani, na mtoto akiwa na tumbo kubwa kwa sababu ya ini na bandama, sura nzito au kurudi nyuma kimakuzi, ndipo daktari hufikiria magonjwa ya mrundikano kama GM1 gangliosidosisi au ugonjwa wa Hurler.

Mtoto amezaliwa akiwa amefunikwa na utando unaong'aa na uliobana. Afanyiwe nini?

Awekwe mahali penye joto la wastani na unyevu, apakwe mafuta safi ya mgando mara nyingi kwa siku, asibanduliwe utando huo, na apewe rufaa siku hiyohiyo. Hupoteza maji kwa haraka, na hewa kavu ya kiangazi chetu huzidisha hatari hiyo. Wengi wao wana iktiosisi, yaani ugonjwa wa ngozi yenye magamba. Wachache hupona kabisa. Na wachache sana wana ugonjwa wa Gaucher wa aina ya 2, ambao hushambulia ubongo.

Je, umanjano wa mtoto mchanga unahusiana na magonjwa haya?

Mara nyingi hauhusiani, lakini magonjwa mawili yanastahili kutajwa. Kwanza ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika chembe nyekundu za damu, ambao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, ikiwemo Tanzania. Mtoto huyu anaweza kupata umanjano mkali, hasa akikutana na naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kati ya nguo ili kufukuza wadudu, au akipakwa hina. Nguo za mtoto zilizotunzwa sandukuni pamoja na naftalini zisitumike kumvisha. Kuziosha na kuzianika si kinga ya kutosha.

Pili ni galaktosemia. Mtoto hushindwa kuvunja sukari ya maziwa, hutapika, hupata umanjano na alama za kuvia damu kwa sababu ini limeathirika, na huweza kupata mtoto wa jicho. Hii ni mojawapo ya hali chache sana ambazo maziwa ya mama huachishwa, na uamuzi huo ni wa daktari pekee.

Kwenye ngozi nyeusi umanjano haupimwi kwa kumtazama mtoto kutoka mlangoni. Mpeleke kwenye mwanga wa dirisha, bonyeza paji la uso au ncha ya pua kwa kidole kisha achia, na tazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Tazama pia fizi na weupe wa macho. Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika viganjani na nyayoni, au uliopita siku 14, unahitaji hospitali.

Sehemu za siri za mtoto ni nyeusi kuliko mwili wake. Ni kawaida?

Kwa kawaida ndiyo. Hata hivyo, mtoto mwenye weusi uliokolea kwenye korodani au mashavu ya uke, chuchu na fizi, ambaye katika wiki ya 1 hadi ya 3 anaanza kutapika, kukonda na kuishiwa maji, anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi wa tezi zilizo juu ya figo. Msichana mwenye ugonjwa huu huzaliwa na maumbile yenye utata, hivyo hutambuliwa mapema. Mvulana huonekana wa kawaida, na rangi hiyo inaweza kuwa ndiyo dalili pekee kabla ya kuzidiwa. Chumvi ya sodiamu hushuka na potasiamu hupanda. Haidrokotisoni huokoa maisha.

Je, jua linaweza kufichua ugonjwa wa umetaboli?

Linaweza. Katika aina moja adimu ya porfiria, ugonjwa wa kurundikana kwa kemikali zinazochochewa na mwanga, mtoto hutoka malengelenge usoni na migongoni mwa mikono baada ya kupigwa na jua, na mkojo wake huacha doa la waridi au kahawia kwenye nepi. Baadhi yao hutambuliwa wanapowekwa chini ya taa za kutibu umanjano na kutoka malengelenge. Doa la rangi ya machungwa kwenye nepi katika siku za kwanza, mtoto akiwa mzima, kwa kawaida ni chumvi za mkojo tu na huisha akinyonya vya kutosha.

Kuhusu harufu, ni zipi za kuripoti?

Harufu ya sukari iliyoungua kwenye mkojo au nta ya sikio, harufu ya soksi zilizolowa jasho, na harufu ya panya. Zikiambatana na mtoto kukataa kunyonya, kulala kupita kiasi, kutapika au kupumua haraka, ni dharura, hata kama ngozi haina kipele kimoja. Mtoto huyu hutibiwa kwanza kama mwenye maambukizi ya damu, na hilo ni sahihi. Kosa ni kuishia hapo bila kupima sukari na, panapowezekana, amonia, taka yenye sumu itokanayo na protini.

Watu wanasema mtoto amebemendwa. Kosa ni la nani?

Hakuna mwenye kosa, na tendo la ndoa halibadilishi jeni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mengi ya magonjwa haya hutokea pale baba na mama, wote wakiwa wazima, wanapobeba kila mmoja nakala moja yenye hitilafu. Katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atarithi nakala zote mbili na kuugua. Asilimia hiyo haipungui kwa sababu mtoto aliyetangulia aliugua. Ndoa za watoto wa ndugu huongeza uwezekano wa wazazi kubeba hitilafu ileile, lakini watoto wengi wenye magonjwa haya huzaliwa na wazazi wasio na undugu wowote. Menkes na G6PD mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa wavulana, kwa kawaida bila mama kuwa na dalili wala kujua.

Maneno ya kubemenda yana madhara ya vitendo: mama huficha mtoto, haendi kliniki, na wiki ambazo biotini ingeokoa masikio hupita.

Nimenunua krimu dukani na upele umepungua. Niendelee?

Usiendelee. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Hupunguza muwasho kwa muda wowote ule ugonjwa uwao, huifanya ngozi kuwa nyembamba, na humfanya daktari aone upele ambao si ule uliokuwepo mwanzo. Ukienda hospitali nenda na boksi lake.

Vipimo hupatikana wapi?

Tanzania haina utaratibu wa kupima watoto wote wanaozaliwa kwa magonjwa haya kwa tone la damu ya kisigino, kama ilivyo katika nchi nyingi tangu kazi ya Robert Guthrie wa Marekani miaka ya 1960. Kwa hiyo jicho la muuguzi na la mzazi ndilo kipimo cha kwanza.

Kutoka zahanati, rufaa hupita kituo cha afya au hospitali ya wilaya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na inapobidi Muhimbili, Dar es Salaam. Sukari ya damu, chumvi, vipimo vya ini na ketoni za mkojo vinaweza kufanyika karibu. Amonia ni ngumu: sampuli lazima iwekwe kwenye barafu na ifike maabara mara moja, la sivyo jibu hupanda kwa uongo. Vipimo vya asidi amino na vya asidi za kikaboni katika mkojo mara nyingi hupelekwa nje ya nchi. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu husafiri vizuri zaidi, mradi ikaushwe kivulini; joto na unyevu huua kimeng'enya cha biotinidasi, na karatasi iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari saa nane mchana inaweza kumpa mtoto mzima jibu la mgonjwa.

Nichukue nini ninapokwenda kwenye rufaa?

Chukua kadi ya kliniki yenye mchoro wa uzito, dawa na krimu zote zilizokwisha kutumika, na picha za simu za upele ulipokuwa mbaya zaidi, zilizopigwa nje kivulini bila taa ya simu. Andika tarehe ambayo mtoto alianza au aliacha zinki, ziwa, maziwa ya kopo na uji. Kama kuna mtoto wa familia aliyefariki akiwa mdogo, mwambie daktari umri na dalili zake hata kama hukuulizwa.

Tulimpoteza mtoto wa kwanza. Nina mimba nyingine.

Mwambie mkunga mapema na ujifungulie hospitali yenye daktari wa watoto. Mtoto achukuliwe damu katika siku za kwanza kabla dalili hazijaanza, na kama ugonjwa wa aliyetangulia ulikuwa wa zinki au biotini, tiba inaweza kuanza huku majibu yakisubiriwa.

Chanjo ziendelee?

Ndiyo, kwa ratiba ya kawaida. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kuvunja protini, homa baada ya chanjo ishushwe mapema na asikae na njaa usiku huo. Akikataa kunyonya au akitapika kila anachopewa, apelekwe hospitali akawekewe dripu ya glukosi.